Baba anasema nimesomea ualimu nikaishie kuchezesha wake za watu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 27, naishi na wazazi Iyunga, hapa Mbeya. Nina shahada ya ualimu, masomo yangu ni Historia na Jiografia. Tangu nihitimu naomba ajira kila zinapotangazwa, usaili nimefanya, jina halijatoka. Kwa sasa nauza kwenye duka la jumla la mtu pale Mwanjelwa. Naingia saa mbili asubuhi, natoka saa kumi na moja jioni, mwisho wa mwezi napewa shilingi 250,000.

Kinachonifanya niamke na furaha ni mazoezi. Nikiwa chuo ndiye niliyekuwa nasimama mbele wenzangu wakifuata, na kwa sasa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa jioni nafundisha aerobiki kwenye jimu moja maeneo ya Soweto. Wanakuja watu kama thelathini, wengi ni kina mama: walimu, manesi, wauza nguo wa sokoni, wengine ni mama wa nyumbani. Kila mmoja analipa 2,000 mlangoni. Mimi mwenye jimu ananipa 5,000 kwa kipindi.

Kina mama wenyewe ndio walioanza: "Mwalimu, tuanzishie letu." Wamependekeza Jumamosi asubuhi tukutane uwanja wa shule ya msingi, na siku za kazi tukodi ukumbi wa kanisa. Nikapata moyo, nikachapisha bango, maandishi ya njano juu ya zambarau, "ZUMBA IYUNGA", likabandikwa kwenye saluni mbili. Mwenye jimu akapata habari. Akaniita ofisini, akafunga mlango, akaniambia hao ni wateja wake, na nikiwahamisha atanitangaza mji mzima kuwa mimi ni mwizi.

Nyumbani nako kumechafuka. Baba ni mstaafu wa reli ya TAZARA na ni mzee wa kanisa. Aliambiwa na mtu kwamba nimeonekana nakata viuno mbele ya wake za watu. Akaniuliza mezani, mbele ya wadogo zangu: "Nimekusomesha miaka yote hiyo uje uchezeshe wake za watu?" Sikujibu. Mama anakaa kimya, ila juzi nilimkuta jikoni peke yake anajaribu hatua ya kwenda pembeni, mwiko mkononi. Aliponiona akajifanya anatafuta chumvi.

Kuna jambo jingine dogo. Wiki iliyopita tulimalizia na singeli, wimbo ulipokatika mama mmoja akashikwa na kizunguzungu akakaa chini ghafla. Tulimpepea, akanywa soda, akaenda nyumbani. Na sauti yangu kila ifikapo Ijumaa inakuwa imekwisha kabisa.

Nina akiba ya laki nne. Je, niache duka nijitose moja kwa moja kwenye ukocha? Ninunue spika kubwa, au nilipie kozi ya mtandaoni ya kigeni nipate cheti? Na baba nimwambieje?

Mwalimu Asiye na Ubao,
Iyunga, Mbeya.

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Baba umempa aya nzima, mwenye jimu aya nzima, bango umelieleza mpaka rangi. Mama aliyekaa chini ghafla umemwita "jambo dogo" na ukampa mistari miwili. Mimi naanza na huyo. Baba anaweza kungoja, mwenye jimu anaweza kungoja. Yeye Jumatatu anarudi darasani.

Mtu akirukaruka dakika arobaini, damu nyingi inakuwa kwenye misuli ya miguu, na miguu hiyo ikiendelea kutembea ndiyo inayosaidia kuisukuma irudi kwenye moyo. Wimbo ukikatika na yeye akasimama tuli, damu inabaki huko chini, ya kichwani inapungua, kizunguzungu kinaingia. Kwa hiyo hata kama hakuwa na ugonjwa wowote, namna ulivyofunga kipindi ingeweza kumwangusha. Singeli haifungi kipindi. Baada ya wimbo wa mwisho wa kasi, wape dakika tano hadi kumi za kutembea papo hapo, muziki ukishuka taratibu, mikono ikishuka, ndipo mjinyooshe. Asiketi mtu, asisimame mtu, asikimbilie mtu simu yake.

Lakini huenda pia ilikuwa presha, au alikuja na njaa tangu asubuhi, au ana mimba changa ambayo hata mumewe hajaambiwa. Mpigie leo. Mwambie kabla hajaruka tena aende kituo cha afya akapimwe presha na sukari. Asikupe jibu la "niko poa, mwalimu". Akapime.

Kisha nunua daftari. Kila anayejiunga umuulize pembeni, si mbele ya wenzake: daktari aliwahi kukuambia una tatizo la moyo au presha? Unapata maumivu ya kifua ukifanya kazi nzito? Umewahi kuzimia? Magoti, mgongo, nyonga vikoje? Unatumia dawa gani? Una mimba, au umejifungua karibuni? Anayejibu ndiyo kwenye moyo, kifua au kuzimia haanzi mpaka aonwe na daktari. Wenye magoti mabovu wanabaki, ila unawapa hatua zisizo na kuruka. Andika na namba ya simu ya mtu wa nyumbani. Kuna walimu wa mazoezi wenye misuli ya kupigwa picha ambao hawana daftari hilo, na wanafundisha watu wa miaka hamsini kwa bahati tu.

Usiwapime kwa kuhesabu mapigo ya moyo pekee, maana baadhi ya dawa za presha huzuia moyo kwenda mbio hata mtu akiwa amechoka sana. Wasemeshe. Katikati ya wimbo muulize mama jina la mtoto wake wa kwanza. Akijibu sentensi nzima huku anahema, yuko pazuri. Akiweza kuimba, anategea. Akishindwa hata kutaja jina, mpunguzie.

Na kumbuka uko wapi. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mgeni aliyetoka Dar au hapo Kyela tu, kule ziwani, atahema kuliko wenzake wiki za kwanza hata kama kwao alikuwa anakimbia. Na hii baridi yetu ya Juni na Julai haitaki kupasha mwili kwa wimbo mmoja. Watu wanakuja wamevaa masweta mawili, misuli imekaza. Wape dakika kumi na zaidi, waanze na masweta yao, wavue wenyewe mwili ukishapata moto.

Hapo ndipo nianze kukujibu habari ya laki nne zako. Spika kubwa, hapana. Kozi ya dola, bado. Fedha ya kwanza iende kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza. Chama cha Msalaba Mwekundu wanayatoa, waulize wao yatafanyika lini na kwa bei gani. Utafundishwa kuukanda moyo uliosimama: mikandamizo 100 hadi 120 kwa dakika, kifua cha mtu mzima kishuke sentimita 5 hadi 6. Wewe unayeishi kwa midundo utaipata kasi hiyo haraka kuliko watu wa ofisini. Fedha ya pili iende kwenye maikrofoni ya kichwani. Sauti haikuishii kwa sababu unafundisha sana. Inakuishia kwa sababu unapiga kelele juu ya muziki uliouweka mwenyewe. Punguza muziki, toa maelekezo kwa mikono, kunywa maji kabla hujasikia kiu. Sauti ikikauka kila wiki kwa miezi, koo linaweza kuota vinundu, na kocha asiye na sauti hana kazi.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana umeniuliza uache duka na hukuniwekea hesabu yoyote.

Leo una 250,000 za duka. Jimu, vipindi kumi na viwili kwa mwezi, unapata 60,000. Jumla 310,000. Tuseme umeondoka kote, umekodi ukumbi jioni tatu kwa wiki kwa 10,000 kila jioni: hiyo ni 120,000. Nauli, bando, umeme wa kuchajia spika na vurugu ndogondogo, weka 30,000. Tenga 20,000 ya spika kuharibika, maana itaharibika. Umeshatumia 170,000 kabla hujala. Kadi ya mwezi ukiiuza 20,000, watu kumi na watano wanakuletea 300,000, na mkononi unabaki na 130,000. Ili ufike pale ulipo leo unahitaji watu 24. Sisemi 24 wanaokuambia "tuanzishie letu, mwalimu". Nasema 24 waliolipa, mwezi mzima, mbele.

Na watu hao hao wana Januari. Januari ni ada, sare, madaftari, na mvua juu yake. Kuanzia Novemba hadi Aprili uwanja wa shule ni tope, na wengi wa hao kina mama, hata wenye ofisi, wana kashamba Uyole, Mbozi au Tukuyu ambako Jumamosi ndiyo siku ya kupalilia. Mazoezi ni kitu cha kwanza mtu kukata fedha zikibana. Kwa hiyo duka usiliache mwaka huu. Anza Jumamosi, vuka na kundi lako Januari moja na Machi moja, uone wanaobaki ni wangapi. Wakibaki 24 wanaolipa kwenye tope, njoo tuzungumze habari ya kuaga dukani.

Ila mbona unawaza kuhama kabla hujadai? Pale Soweto mlango unaingiza 60,000 kwa kipindi, wewe unapewa 5,000. Mwenye jimu amekosea kukufungia mlango na kukutisha, lakini nusu ya neno lake ni kweli: chumba ni chake, taa ni zake, spika yake, kodi analipa yeye hata siku mlipokuja wanne. Kosa lake ni kudhani watu ni mali yake pia. Rudi kwake, mchana, ukiwa umevaa shati. Mwambie: "Kaka, sitahamisha mtu kimyakimya. Nataka tupange upya." Omba asilimia 35 ya mlango. Kwa watu thelathini ni 21,000 kwa kipindi, yeye anabaki na 39,000. Kwa mwezi inakuwa 252,000. Umeona? Hiyo peke yake ni mshahara wa duka, bila ukumbi, bila spika, bila tope. Akigoma, mpe njia nyepesi kwake: 5,000 yako ibaki kama ilivyo, ila kila kichwa kinachozidi kumi akupe 500. Kwa thelathini unaondoka na 15,000. Wakija wachache, yeye haumii. Na Jumamosi, kama hana kipindi siku hiyo, mkubaliane iwe yako. Yaandikwe, msaini wote wawili, kila mtu abaki na nakala. Akikataa yote hayo na bado anatisha, hapo mpe taarifa ya mwezi mmoja, uage hadharani, na anayekufuata atakuwa amekufuata mwenyewe. Watu wa Soweto si wajinga, wanajua mwizi anafananaje.

Kuhusu kufundisha kwenyewe, sitakaa sana, unaonekana una kipaji. Lakini nina neno moja juu ya singeli, kwa kuwa vijana mnaipenda. Singeli mara nyingi inapita midundo 200 kwa dakika. Hakuna mama wa miaka 48 anayeweza kuweka mguu chini kwa kila mdundo huo bila kukanyaga vibaya. Ukitaka kuitumia, mguu uende kwa nusu ya kasi, mikono ndiyo ifanye fujo. Kupasha mwili tafuta nyimbo za midundo kama 120, amapiano iko chini kidogo ya hapo na inafaa sana kuanzia, halafu sehemu ya moto panda 130 na kitu. Hesabu nane nane, nne zake zinafanya 32, na hatua mpya itaje midundo minne kabla haijafika, si ikiwa imeshafika. Wanaokukosea hatua kila siku pengine hawakosei, wewe unachelewa kusema. Halafu shuka jukwaani utembee kati yao. Kocha anayecheza kipindi kizima mbele kama yuko kwenye video ya muziki hamwoni anayechechemea mstari wa nyuma.

Hayo yote, mwanangu, uliyasomea. Shabaha ya somo, utangulizi, maendeleo ya somo, hitimisho, tathmini. Andika andalio la somo kwa kila kipindi, kwa mkono, na lihifadhi. Hilo ndilo litakalokuvusha kwa baba.

Baba yako simwoni kama adui wa mazoezi. Mzee wa TAZARA aliishi kwa mshahara unaokuja tarehe inayojulikana, akastaafu akapata kiinua mgongo, na anamwona mwanawe anaingia uzeeni na spika. Ana haki ya kuogopa. Usimjibu kwa kumweleza raha unayoipata, hiyo haimsaidii kulala usingizi. Mweleze kwa vitu. Mosi, mwambie hujaacha kuomba ualimu, na usiache kweli; mfumo wa maombi wa Sekretarieti ya Ajira uendelee kuufungua, maana mwalimu aliyeajiriwa anaweza kabisa kufundisha mazoezi jioni. Pili, jiandikishe NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kama mchangiaji wa hiari, wanapokea watu waliojiajiri, umwonyeshe namba yako ya uanachama. Tatu, mwambie Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2020 linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na vipindi vyako vitatu vya dakika hamsini vinafika 150 kamili. Wazee wenzake wa kanisa wanaosumbuliwa na presha na sukari wanaambiwa hayo hayo kila wakienda kliniki. Hapo kazi yako inaanza kuwa na maana masikioni mwake.

Usiende peke yako, lakini. Tafuta baba mdogo au mzee mwenzake anayemheshimu, akutangulie. Na usimtumie mama kama ngao. Mama mwalike tu. Mwambie, "Mama, Jumamosi njoo, kuna kundi la wa rika lako, hakuna kuruka." Aliyejifanya anatafuta chumvi amekwisha kukupa jibu. Akishakuja mara mbili tatu, na magoti yakamlegea vizuri, baba atasikia habari zako kutoka kwa mtu anayemwamini kuliko yule aliyempelekea umbea wa viuno.

Na hilo la wake za watu usilicheke. Wewe ni kijana wa miaka 27, hujaoa, mbele yako kuna wanawake thelathini wamevaa taiti, wanatoka jasho, wanakusifia. Wengine waume zao hawawaambii wamependeza tangu harusi. Jiwekee masharti mapema, yajulikane na wote. Mtu humgusi kumrekebisha; unamwonyesha kwa mwili wako au kwa maneno, na ikibidi kumshika bega unaomba kwanza. Matangazo yanakwenda kwenye kundi la WhatsApp, hayaendi kwa mtu mmoja mmoja saa nne usiku. Mwanamke akikutumia picha yake akiwa na nguo za mazoezi ajibiwe kwenye kundi, "hongera mama, tuendelee hivyo," basi. Malipo yapite Lipa Namba, yasiwe ya kupeana mkononi nyuma ya mlango. Na kila mwisho wa mwezi fanya Jumamosi moja ya kuja na mwenzi wako: mume akija akatokwa na jasho, akashindwa hatua ambazo mkewe anaziweza, hatakuwa na la kusema tena baa. Mazoezi wanayofichwa waume ndiyo waume huyafunga.

Mavazi nako usiwalazimishe. Atakayekuja na taiti, sawa. Atakayefunga khanga juu ya suruali, sawa. Atakayekuja na kijora mwambie tu akikunje kisikanyagwe. Kitu cha kukazania ni viatu: raba zenye soli inayoshika, hata za mtumba. Mtu na kandambili asiruke kwako.

Karatasi zake si ngumu kama watu wanavyotishana. Namba ya mlipa kodi, yaani TIN, kutoka TRA, jina la biashara lisajiliwe BRELA, leseni ya biashara kutoka Halmashauri ya Jiji. Uwanja wa shule usiingie kwa kuzoeana na mlinzi. Mwandikie mwalimu mkuu barua, nakala kwa serikali ya mtaa, mkubaliane mtachangia nini, pengine ndoo za kunawia au kufyeka majani. Kundi likikua mkataka liwe klabu iliyosajiliwa, nenda kwa afisa michezo wa jiji, yeye ndiye atakayekuelekeza kwa msajili. Muziki wa watu unaopiga hadharani ukichukua fedha una wenyewe, waulize COSOTA, ofisi ya hakimiliki, leseni yake inatolewa na nani, kabla hujaulizwa wewe. Ukija kutaka elimu rasmi ya michezo, kuna Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, kule Kwimba, Mwanza, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana idara ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo. Kwa mtu mwenye shahada ya ualimu tayari, hiyo ni njia nzuri kuliko cheti cha siku mbili cha kutoka kwenye simu.

Nimebakiza bango. Zumba si jina la kila mazoezi yenye muziki, hata kama mtaani tunalitumia hivyo. Ni alama ya biashara iliyosajiliwa. Aliyeanzisha ni Mkolombia, Alberto Pérez, wanamwita Beto, mwalimu wa aerobiki kama wewe, na tangu 2001 kuna kampuni inayolimiliki jina hilo; anayefundisha kwa jina hilo anatakiwa awe amepitia mafunzo yao na ana leseni yao. Siku ukiwa na fedha za ziada na unaipenda staili yenyewe, lipia kozi hiyo, ni halali na inafundisha hatua nyingi. Haifundishi huduma ya kwanza, ndiyo maana nimeiweka nyuma. Kwa sasa nenda kwenye hizo saluni mbili ukabandue, kabla ya Jumamosi. Jipya liandike "Mazoezi ya Muziki Iyunga", weka siku, saa, bei na Lipa Namba, na chini, kwa herufi za kusomeka: mwenye presha, sukari au mjamzito aje tuzungumze kwanza.